Baba, Mama Mkwe na Bahari

Mjomba wangu alipotununulia tiketi za ndege alisahau jambo moja tu, kwamba baba yangu na nyanya yangu hawawezi kukaa mahali pamoja.

Hawakuwa wamegombana. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali wakionana. Wakikutana kwenye kijia, mmoja hujifanya ameona kitu cha maana katikati ya majani chai, akaingia huko mpaka mwenzake apite. Wakitaka kuambiana jambo hutafuta mtu wa kati. Siku hizi wengi wamelegeza, na wengine hata husalimiana kwa mkono mlangoni mwa kanisa, lakini baba na Kogo walikuwa wa mtindo wa zamani. Kogo ni nyanya kwa lugha yetu. Huyu alikuwa mama yake mama, mjane, mtu wa kanisa, na shamba lake la chai lilikuwa upande wa Bomet, huko juu kwenye baridi. Mtu wa kati kwa kawaida nilikuwa mimi.

Baba alitoka Soin, bondeni kwenye joto. Alipanda juu kutafuta kazi, akaipata kiwandani, katika chumba cha kukaushia majani chai, na baadaye akampata mama. Kogo alimkataa. Alisema hawezi kutoa binti yake kwa mtu wa Soin, kwa sababu huko ni joto, mbuzi ni wengi kuliko watu, na mtoto hupata malaria kabla hajapata jina. Wazee walikaa, wakazungumza, posa ikakubaliwa, na tangu siku ya harusi Kogo hakusema neno lingine juu ya jambo hilo. Baba alikuwa sasa mkwe, na mkwe hasemwi.

Hapo ndipo taabu ya mama ilipoanzia. Mtu akikuchukia hakutazami, hali nawe, wala hakushiki mkono. Mtu akikuheshimu kama mkwe hufanya vivyo hivyo. Wakati wa safari hii mimi nilikuwa nimeingia darasa la saba, na mama bado hakujua kama mama yake alimkubali mume wake au la. Aliwahi kumuuliza waziwazi, jikoni kwa Kogo, mimi nikiosha sufuria. Kogo akajibu, "Mimi naheshimu mkwe wangu," akaendelea kuchambua mboga. Jibu hilo lilimuudhi mama kwa muda mrefu sana. Alitamani hata wagombane, angalau ajue.

Mjomba alikuwa kitinda mimba wa Kogo. Alikwenda India kusoma, akamaliza, akapata kazi Bombay katika ofisi ya kuuza tiketi. Katikati ya miaka ya tisini ofisi hiyo ilimruhusu kuwanunulia jamaa zake safari kwa bei ya wafanyakazi, naye akatupangia likizo ya Desemba ambayo kijijini kwetu hakuna aliyewahi kuisikia: Bombay, Colombo, Bangkok, kisha mji mmoja wa pwani kusini mwa Bangkok, halafu nyumbani. Kogo alikubali kwa sababu alitaka kuingia baharini. Alikuwa amesikia habari za bahari kanisani maisha yake yote, ilivyogawanyika na watu wakapita, na yule aliyetembea juu yake akaanza kuzama kwa kukosa imani. "Nataka niingie nione hiyo maji inashika mtu namna gani," alisema. Mama alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Aliamini safari ndefu hufichua watu, na kwamba tukiwa mbali na majirani lazima kitu kitaonekana.

Baba alikubali kwa sababu hakuulizwa.

Ndani ya ndege tuligundua kwamba mjomba alitupatia viti vinne vya pamoja, baba na Kogo ubavu kwa ubavu. Baba alisimama kwenye njia akiwa ameshika kofia yake, akitazama juu kule mizigo inakowekwa. Mhudumu alimwomba akae. Baba akamweleza kwamba yule pale ni mama wa mke wake. Mhudumu alicheka, akasema hata yeye ana mama mkwe, anaelewa kabisa. Hakuelewa hata kidogo. Mwishowe mfanyabiashara mmoja alikubali kubadilishana, na baba akaenda kukaa nyuma karibu na choo. Chakula kilipoletwa nilitumwa kumwangalia, nikakuta hajagusa. Alisema kitambaa cha kichwa cha Kogo kinaonekana kutoka pale.

Bombay mjomba alitupokea kwa furaha, akatukumbatia wote, akatupeleka kwake. Kwake kulikuwa na chumba kimoja na pazia. Kogo alitazama pazia, akatazama kitanda, akamtazama mwanawe.

"Umesahau mpaka vitu vya kwenu," alisema.

Mjomba alijipiga kofi kwenye paji la uso. Baba alikwenda kulala kwa kijana mmoja wa Fort Ternan, jirani na Soin, aliyekuwa akisomea dawa mjini humo, ambaye alifurahi mno kupata mtu wa kuongea naye habari za miwa. Sisi tulibaki na joto. Sijawahi kuona joto la namna ile. Kogo alikaa siku nzima miguu ikiwa ndani ya beseni la maji, akijipepea kwa kitabu cha nyimbo za kanisa. Jioni baba alipokuja na kusimama nje ya mlango, kama ilivyokuwa kawaida yake, Kogo aliniita.

"Ambia baba yako kwao si joto."

Mama alikuwa akipakua wali. Mwiko ulibaki hewani. Nilitoka nje nikarudia maneno hayo, ingawa baba alikuwa ameyasikia vizuri, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Baba akajipangusa jasho.

"Mwambie Soin jioni kuna upepo."

Nilirudi ndani nikasema. Kogo akasema sawa. Mama alimfuata baba mpaka barabarani, nami nikiwa nyuma yao, akamuuliza kama hayo yalikuwa ni maneno ya kuomba radhi. Baba akasema yalikuwa ni maneno ya hali ya hewa.

Bahari ya Bombay tuliiona kesho yake. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya mnada wa ng'ombe Sigowet, wengine wakila mahindi ya kuchoma yaliyopakwa ndimu na pilipili, wengine wakipanda farasi. Kogo alisimama akayatazama maji kwa muda, viatu vikiwa miguuni. Ili aingie ilibidi apandishe rinda mpaka magotini, na mkwe alikuwa papo hapo. Baba alijificha nyuma ya kibanda cha mahindi. Kogo akasema anaona kofia. Baba alivua kofia. Kogo akasema anajua yuko. Tukarudi nyumbani.

Mjomba alibaki kazini kwake, sisi tukaendelea na karatasi alizotuandikia. Colombo tulikaa katika hoteli ya ufuoni, na huko vyumba vilikuwa viwili, Kogo nami kimoja, baba na mama kingine, ghorofa tofauti. Nilidhani mambo yatakuwa rahisi. Lakini chakula cha asubuhi kilipangwa kwenye meza moja ndefu, kila mtu ajipakulie, na Kogo aliamka mapema kama mtu wa kukamua, akateremka, akakaa hapo mpaka meza ilipoondolewa. Aliona ni matusi kwa mpishi kuondoka wakati vyakula bado vinaletwa. Baba alikuwa akichungulia kutoka kwenye ngazi, anamwona, anarudi juu. Alikuwa akiishi kwa biskuti. Suruali ilianza kumteremka, na kwa kweli nilimwonea huruma.

Siku moja Kogo alionja chai yao, bila maziwa, akasukuma kikombe kwangu.

"Pelekea baba yako. Ambia yeye hawa wamechoma majani."

Nilipanda na kile kikombe. Baba alinusa, akanywa.

"Mwambie ni kweli. Moto ulikuwa mkali."

Mama alilishika jambo hilo kwa mikono miwili. Walikuwa wameongea kuhusu kazi ya baba. Asubuhi iliyofuata Kogo alifunga mayai ya kuchemsha na ndizi ndani ya kitambaa cha mezani, akanipa chini ya meza, macho yakiwa dirishani.

"Pelekea mtu mwenye njaa."

"Nani, Kogo?"

"Utamwona tu."

Nilimwona kwenye ngazi. Alikula yote akiwa amesimama na hakuuliza yametoka wapi. Tangu hapo nilipeleka kila asubuhi. Mama alimuuliza baba ile ilikuwa huruma au ni upendo. Baba akasema yalikuwa ni mayai. Mama alimwambia yeye na Kogo wanafanana, na hakuwa akimsifu.

Ufuo wa Colombo haukuwa na kibanda cha kujificha. Baba aliondoka kwa miguu akifuata mchanga, akaenda na kwenda mpaka akawa kidoa. Kogo alitazama kile kidoa, mkono ukiwa juu ya macho. Mama akamwambia pale alipo hawezi kuona chochote. Kogo akasema hata akiwa kidoa ni mkwe. Akakaa juu ya taulo na viatu vyake mpaka jua likawa kali, tukamwita kidoa, tukarudi.

Kuna watu ambao nikiwasimulia haya hucheka, wakasema desturi hizi ni upuuzi. Mimi huwaacha. Nimeona nyumba ambazo mkwe na mama mkwe hukaa kochi moja na kuambiana kila kitu, na sijaona kwamba wanalala vizuri zaidi.

Bangkok tulipanda mashua za mtoni, baba akiwa katika yake, sisi katika yetu. Tuliona mahekalu yenye dhahabu, na Kogo alikataa kuvua viatu kwa ajili ya sanamu, akatungoja nje akisoma Zaburi kwa sauti ya kusikika. Baba naye aligundua chakula cha barabarani. Kwa kuwa hotelini hakuweza kula, alitoka peke yake akawa anakula kila kilichokaangwa na kila kilichochomekwa kijiti, na aliporudi alikuwa na furaha ambayo hatukuwa tumeiona tangu Nairobi. Kwa hiyo ni heshima hiyohiyo iliyomwangusha. Tulipofika kwenye ule mji wa pwani, mahali pa mwisho, alitoka kwenye gari akiwa amejikunja, akaenda moja kwa moja kitandani.

Mpango wa mama ulikuwa tayari kabla ya hapo. Baba angeshinda sokoni upande wa pili wa mji, na Kogo angeingia baharini kwa raha zake. Sasa baba alikuwa amelala katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama maji. Daktari alikuja, akampa dawa, akasema anywe maji na apumzike. Homa ilikuwa kali. Hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa, na mama alimwambia Kogo hivyo.

"Nenda tu, mama. Hata dirisha halioni."

Kogo hakwenda. Alitoa kiti chumbani kwetu, akakiburuta mpaka nje ya mlango wa baba, akakiweka mgongo ukielekea mlango, akaketi. Wafanyakazi wa hoteli walikuja mmoja mmoja kumwonyesha kwa ishara kwamba kuna sebule nzuri chini, yenye feni. Kogo aliwatazama mpaka wakaondoka.

"Uliza kama maji imekaa tumboni," aliniambia.

Nilifungua mlango nikauliza. Baba, ambaye alikuwa amesikia, akajibu kwa sauti ndogo, "Mwambie imekaa kidogo."

"Kidogo haitoshi," Kogo aliniambia kabla sijageuka.

Mchana aliingia jikoni mwa hoteli. Sijui aliwaambia nini na kwa lugha gani, lakini alitoka na bakuli la uji mwembamba wa mchele wenye chumvi, na mpishi akimfuata nyuma kama mwanafunzi. Nilipeleka bakuli ndani. Baba alikula akigeukia ukuta, ingawa mlango ulikuwa umefungwa. Kesho yake ilikuwa hivyohivyo, kiti, maswali, uji. Kutoka pale Kogo alipokaa, bahari ilisikika vizuri, na hata mimi nilikuwa nikiikasirikia.

Jioni ya siku hiyo ya pili homa ilipanda tena, na mama akaanza kulia kimya akimkanda baba kwa kitambaa. Kogo alisikia. Aliinuka, akasimama mgongo ukiwa bado mlangoni, akaomba kwa sauti ya kanisani, ile ambayo haihitaji kipaza sauti. Hakutaja jina la baba, hilo lisingewezekana. Alisema, "Huyu mtu wa watu, Bwana, wewe unamjua. Ametoka kwao mzima. Usinirudishe na aibu." Aliomba kwa muda mrefu. Alipomaliza, baba akasema "Amina" kutoka kitandani.

Kogo alinyamaza. Mimi pia, kwa sababu hakuna aliyenituma. Katika maisha yangu yote sikuwa nimesikia neno likitoka kwa mmoja wao na kumfikia mwingine bila kupita kwangu. Mama alitoka, akasimama mbele ya mama yake, na nilijua anataka kuuliza lile swali lake. Kogo alimgusa bega.

"Nenda ukalale kidogo. Mimi niko."

Siku ya kuondoka baba aliweza kusimama. Alikuwa amekonda, shati likimning'inia. Gari la kutupeleka uwanja wa ndege Bangkok lilikuwa mlangoni, mizigo imeshuka, na Kogo alikuwa amekwisha kukaa ndani, mkoba mapajani, bila kutazama upande wa maji. Hakuwa amelalamika hata mara moja. Baba aliniita kando.

"Mwambie nyanya yako aende akaingie."

Nilikwenda dirishani nikamwambia.

"Ambia baba yako gari inangoja."

"Mwambie itangoja."

"Ambia yeye hakuna mtu hapa anajua kuogelea. Hiyo maji ikinibeba nani atanitoa?"

Hilo lilikuwa swali la haki. Sisi ni watu wa bara, na tulikuwa tukiiogopa bahari wote, ila hakuna aliyekuwa amelisema. Baba akainama akafungua kamba ya katani iliyofunga sanduku letu kubwa, akaijaribu nguvu kwa goti, akaanza kuteremka ufuoni kwa ubavu, macho yakiwa kwenye ukuta wa hoteli. Mama alimsaidia Kogo kushuka kwenye gari. Baba alimpa mama ncha moja ya kamba bila kugeuka. Mama akaifunga kiunoni mwa Kogo, fundo la kufungia ndama. Ncha ya pili baba aliizungusha kwenye mkono, akaelekea ukuta, akapanua miguu kama watu wanaoshikilia fahali kwenye josho. Kogo alitazama mgongo huo kwa muda. Halafu akavua viatu, akapandisha rinda, akaingia.

Mimi nilisimama katikati.

"Amefika wapi?" baba aliuliza.

"Magotini."

"Mawimbi?"

"Madogo."

"Mwambie aendelee, nimeshika."

Aliendelea mpaka kiunoni. Kila wimbi lilipokuja kamba ilikaza, na baba aliegemea mbele, miguu ikizama mchangani, jasho likimtoka kwa ule udhaifu. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuijua.

"Nini hiyo?"

"Kogo anacheka."

Baba aliachia kamba kidogo, ili imfikishe mbele zaidi. Naye pia alikuwa hajawahi kuona bahari kabla ya safari ile, na sasa alikuwa akitazama ukuta wa rangi ya krimu wenye bomba la maji machafu.

Kogo alipotoka alikuwa amelowa mpaka kifuani. Mama alimnyooshea taulo, lakini hakulichukua. Aliinama, akachota maji kwa viganja viwili, akapanda nayo mchangani polepole yasimwagike, kamba ikiburutika nyuma yake, mpaka akafika nyuma ya baba, karibu kuliko nilivyowahi kumwona. Kwetu mzee akimbariki mwanawe humnyunyizia maziwa, na pasipo maziwa, maji. Sikuwa nimewahi kuona mwanamke akimfanyia hivyo mume wa binti yake, na sijaona tena tangu siku hiyo. Alinyunyiza maji yale kwenye shingo ya baba na mgongoni.

"Rudi nyumbani mzima, mtoto wangu," alisema. "Uzeeke."

Hakuniambia mimi nimwambie. Baba hakugeuka. Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo, maji yakimtiririkia ndani ya kola.

Mama alikaa chini mchangani na gauni lake la safari, akalia kwa sauti, bila kujali nani anamwona. Dereva alikuwa ameshuka kutuita. Alimwona mwanamke analia, mwanamume aliyeinamia ukuta na kamba mkononi, na bibi aliyelowa akiwa amefungwa kiunoni. Akanikaribia mimi, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa upole sana, kama kuna mtu amekufa.

Nikamwambia hapana, nyanya amemwita baba mtoto wake.